Tambara la Nguzo ya Mtaa wa Fenwick

Launceston, Tasmania
6 Agosti 2023

Kwa Bwana M. Tatlow,

Hunijui. Naitwa Ronisha Gajmer, nina miaka kumi na tano, na baiskeli yako iko kwangu.

Niliikuta kwenye duka la mitumba la kanisa, nyeusi, nzito kama ng'ombe. Mama wa dukani akasema, "Ichukue, mwanangu, inanimalizia nafasi." Chini ya kiti kuna mkoba wa ngozi, na ndani yake nilikuta spana mbili na daftari dogo lililofungwa kwenye nailoni. Jalada limeandikwa: M. Tatlow, mwanagenzi, 1955. Mama yule ndiye aliyenipa anwani yako. Alisema uliacha vitu vyako pale ulipohamia kisiwani kwa binti yako.

Daftari lina orodha ya vibanda kumi vya transfoma ulivyokuwa ukivizungukia kwa baiskeli. Nilienda kutafuta cha kwanza. Ni kile kijumba cha matofali mekundu nyuma ya shule yangu! Miaka yote nilidhani ni choo kilichofungwa. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia.

Naomba kuuliza: vile vingine bado vipo? Na ulikuwa unafanya nini hasa ukifika? Bibi yangu aliishi miaka kumi na minane kwenye kambi ya wakimbizi, huko Nepal, kwa kibatari. Mpaka leo akipita kwenye swichi huwasha, huzima, huwasha, kisha hucheka peke yake. Nikimwambia nimegundua umeme wa mji huu ulianzia wapi, atafurahi.

Naandika kwa sababu simu naiogopa. Kwenye karatasi naweza kufuta. Shuleni nasoma kwa Kiingereza, Jumamosi nasoma kwa Kinepali, na kwa lugha zote mbili nanyamaza vizuri sana.

Wako kwa heshima,
Ronisha

---

Whitemark, Kisiwa cha Flinders
15 Agosti

Ronisha,

Bwana Tatlow alikuwa baba yangu, na alikuwa mkali. Mimi ni Merv. Hapa kisiwani hata mbwa wananiita Merv.

Kumbe lile chuma bado linatembea! Angalia breki ya nyuma. Ina tabia ya kufikiri kwanza.

Nilianza kazi mwaka ule ule walipozima mtambo wa Duck Reach, kule korongoni. Mtambo huo ndio uliowasha taa za mji Desemba 1895, kwa nguvu ya maji ya mto. Babu yangu alifanya kazi pale, akivuka daraja la kuning'inia asubuhi na jioni, na chakula chake kwenye mfuko wa turubai. Mimi nilifika wakati wanafunga, kama mtu anayeingia harusini sufuria zinaoshwa. Wakanipa baiskeli.

Unauliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nasikiliza. Usicheke. Unafika kibandani, unaweka sikio ukutani, unasikiliza. Transfoma nzima inavuma kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Ikiwa mgonjwa, inakoroma. Kisha unaandika daftarini, unafukuza buibui, unapanda tena baiskeli. Jaribu. Sikiliza tu, usifungue kitu, usiguse waya, nisije nikaandikwa gazetini.

Vibanda vingi vipo, nadhani. Lakini kuna mahali pa kumi na moja ambapo hutapaona kwenye orodha. Panda Mtaa wa Fenwick mpaka juu kabisa, utaikuta nguzo ya chuma ya kijani, ndefu, yenye nakshi. Hiyo, binti, ndiyo nguzo ya taa ya kwanza kabisa ya mji. Taa iling'olewa zamani, nguzo ikabaki. Enzi zetu mwanagenzi hakuruhusiwa kugusa kazi yoyote kabla hajapanda kilima kile na kuisugua nguzo kwa tambara na mafuta mpaka ing'ae. Ni heshima ya kazi. Ukitaka kuwa mmoja wetu, unajua la kufanya.

Merv

---

Launceston
24 Agosti

Babu Merv,

(Nyumbani nikikuita Merv tu, Bibi atanichapa. Vumilia.)

Vinavuma! Vibanda saba vinavuma! Kimoja kimegeuzwa duka la kahawa, na niliweka sikio ukutani nikasikia mashine ya kahawa, nikaandika "mgonjwa" kabla sijaona kibao. Kingine kina mti ndani umetokeza dirishani. Kaka yangu Dipen alinifuata siku moja, akanikuta nimekumbatia ukuta. "We Roni, hiyo nyumba umeposwa nayo?" Nilimkalisha naye akasikiliza. Akanyamaza dakika nzima, na Dipen hajawahi kunyamaza hivyo tangu azaliwe.

Jumapili nilipanda Mtaa wa Fenwick. Nilisukuma baiskeli nusu ya njia, nakiri. Nguzo nimeiona. Nzuri jamani! Ina majani ya chuma yaliyochongwa chini, na juu ina kitu kama taji. Nikasugua kwa fulana kuukuu ya Dipen, saa nzima. Mama mmoja akapita na mbwa mnene, akasimama. "Wanakulipa kwa hiyo kazi, mpenzi?" Nikatikisa kichwa. Kulikuwa na harufu fulani nikadhani ni ya yule mbwa. Nadhani hata yeye alidhani hivyo, maana alimgombeza.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mwaka jana nilisimamishwa mbele ya shule nzima kusoma habari za babu zetu. Nilikuwa na karatasi. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Wakangoja. Kisha mtu akaanza kupiga makofi ili kunisaidia, na wote wakapiga makofi, nami nikashuka bila kusema neno hata moja. Wanapiga makofi kwa sababu hukusema! Tangu siku hiyo hata kwenye basi siombi kushuka, nangoja mwingine abonyeze kengele.

Mwalimu wangu, Bi. Pask, ameona ramani niliyoichora ya vituo vyako. Anataka niongoze msafara wa baiskeli wakati wa wiki ya historia, Jumapili tarehe 8 Oktoba. Nikakataa. Akasema, "Basi fikiri." Nimefikiri. Dipen atasoma kwenye vibanda vyote. Lakini mwisho utakuwa pale kwenye nguzo yako, na pale nitasema mwenyewe. Nimeisugua, nimekuwa mmoja wenu, kwa hiyo pale naweza. Nikishindwa pale, Babu, sidhani kama nitajaribu tena popote.

Ronisha

---

Whitemark
2 Septemba

Ronisha,

Nimesoma barua yako mara tatu. Binti yangu ameniuliza kama nimefiwa.

Msafara ni wazo zuri. Utaweza. Ila nafikiria kile kilima. Watu wengine watakuwa wazee, magoti mabovu. Kwa nini usimalizie korongoni, kwenye jengo lenyewe la mtambo? Pana kivuli, pana daraja, watu wapige picha. Nguzo mnaweza kuiruka. Haina maana sana.

Si kwamba haina maana. Ninachosema ni kwamba kilima ni kikali.

Kuna jambo nataka kukueleza kuhusu ile nguzo, ila leo mkono unauma. Barua ijayo.

Merv

---

Launceston
15 Septemba

Babu Merv mpendwa,

Usijali kuhusu kilima, watu wamejiandikisha ishirini na saba na hakuna aliyelalamika.

Nina habari kubwa. Meya mwenyewe anakuja! Amesikia kuhusu nguzo, na ameagiza kibao cha shaba. Kitafungwa kwenye nguzo siku hiyo hiyo, mimi nikishamaliza kusema. Maandishi yatakuwa hivi: "Hapa iliwaka taa ya kwanza ya mji wetu. Kwa ushahidi wa Bwana Mervyn Tatlow, fundi." Jina lako lote, Babu, kwa shaba! Litakaa miaka mia.

Uliandika kwamba una jambo la kunieleza. Mkono umepona?

Ronisha

---

Whitemark
22 Septemba

Ronisha,

Zuia kile kibao.

Keti chini kwanza. Ile si nguzo ya taa. Haijawahi kuwa. Ni bomba la kupumulia maji taka. Linapandisha hewa chafu juu ya mapaa ili isiwaingie watu ndani. Wazee wetu walikuwa na majivuno, hata bomba la choo walilivisha taji.

Mwaka 1955, siku yangu ya pili kazini, fundi mkuu alinipa tambara na kopo la mafuta, akaniambia maneno yale yale niliyokuandikia. Nilisugua masaa mawili kwenye jua la Februari. Kumbe ng'ambo ya barabara kuna gari, ndani yake mafundi wanne wanacheka mpaka kofia zimewaanguka. Waliponiita, wakanipa kalamu niandike jina langu kwenye tambara. Ndiyo desturi. Kila aliyedanganywa anaandika jina, analitunza tambara, mpaka apate wa kumdanganya. Jina langu ni la kumi na moja. Yalifika kumi na manne, kisha hata wanagenzi wakapewa magari, baiskeli zikaisha, na mchezo ukafa. Tambara liko hapa kwenye kopo la biskuti.

Ulipoandika kwa adabu ile, mkono wangu ulijiandikia wenyewe. Nilidhani utarudi umekasirika au unacheka. Wewe ukarudi na kuniambia kwamba pale ndipo utakapofungua mdomo. Ningekuambiaje? Nilijaribu kukupeleka korongoni. Ulinikatalia, na ulikuwa na haki.

Mimi ni mzee mjinga. Usisimame mbele ya meya ukasema uongo wangu.

27 Septemba. Upepo tangu Ijumaa. Ndege haijaruka, na barua hii bado iko kaunta ya posta, naiona kila nikienda kununua maziwa. Nimeiomba nirudishiwe, niongeze hili.

Nimepiga simu kwenu, namba nimepewa na yule mama wa duka la mitumba. Nadhani amepokea bibi yako. Yeye alisema neno moja mara nyingi, mimi nikasema "bomba" mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Tukaagana kwa heshima.

5 Oktoba. Ndege imeruka jana na barua imesahaulika kaunta. Sasa haitafika kwa wakati. Jumamosi kuna kiti kimoja. Sijapanda kile kidude tangu nihamie huku, kinatingishika kama mkokoteni. Naileta mwenyewe.

Merv

---

Launceston
11 Oktoba

Babu,

Jumapili uliondoka haraka, na palikuwa na kelele nyingi, na Bibi hakukuacha umalize hata kikombe bila kukujazia kingine. Kwa hiyo hukusikia ukweli wote. Barua yako uliyonipa mkononi nimeisoma usiku ule ule. Nimelia, kisha nimecheka, kisha nimeona aibu. Sasa zamu yangu.

Nilijua.

Nilijua tangu tarehe 12 Septemba. Ilikuwa siku ya kwanza yenye joto. Nilipanda Mtaa wa Fenwick kufanya mazoezi ya kusema, na kabla ya kuanza nikaweka sikio kwenye nguzo, kama ulivyonifundisha, nijue kama nayo inavuma. Haikuvuma. Nilisikia mtu anamwaga maji ya kuoga. Kisha upepo ukageuka, na harufu ikaja, na mbwa hakuwepo.

Nilikasirika siku mbili. Nilitaka kuitupa baiskeli mtoni. Nikachukua daftari lako nilichane, likafunguka kwenye ukurasa wa Februari 1955, ambao nilikuwa nimeuruka kwa sababu mwandiko ni mbaya: "Nimesugua nguzo ya F. Masaa mawili. Wamecheka. Mwishowe nimecheka pia." Basi, hasira ikaniisha. Ulikuwa na miaka kumi na tano kama mimi! Nikakuona umeshika tambara.

Ndipo nikakaa mezani nikakuandikia kuhusu meya. Hakuna meya, Babu. Hakujawahi kuwa na kibao. Nilitunga maneno yake nikila wali, mpaka Dipen akaniuliza nacheka nini. Nilidhani utakiri kwa barua nami nitakujibu kwa barua, tucheke. Barua haikuja. Bibi akaniambia mzee mmoja amepiga simu, ama anauza kitu ama anaumwa tumbo. Sikuelewa kwamba ni wewe. Sikujua utapanda ndege. Naomba unisamehe kwa ile ndege.

Sasa nikuambie ilivyokuwa kwangu pale juu, maana wewe ulikuwa nyuma na kofia yako.

Vituo kumi vilikwenda vizuri. Dipen alisoma kama mtangazaji wa mpira. Watu thelathini na mmoja waliweka masikio ukutani, na mtoto mmoja akasema, "Mama, inaimba!" Mimi nilikuwa mbele tu, naonyesha njia kwa mkono. Tulipofika kwenye nguzo niligawa matambara, vipande vya kanzu kuukuu ya Bibi, na Dipen akawaambia wasugue, ni heshima. Wakasugua! Hata Bi. Pask, na miwani yake imeteleza puani.

Kisha ikafika zamu yangu ya kuwaambia ukweli, na hakikutoka kitu. Sentensi ilikuwa pale pale, imekwama kama punje ya bisi. Wakageuka kunitazama, matambara mkononi. Nikaona mwanamume mmoja anainua mikono yake polepole, na nikajua anakusudia kupiga makofi. Nikafikiri, basi, imekwisha, siongei tena maisha yangu.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya mzee, na maneno yake yakaniambia ni wewe. "Jamani, msimlaumu huyu mtoto. Mimi ndiye mwongo. Hii nguzo—"

Na nikasikia mtu anapiga kelele, "Babu, nyamaza! Bado!"

Nikageuka nimtafute ni nani huyo asiye na adabu. Alikuwa ni mimi.

Ulikuwa umevua kofia, uso mwekundu, unataka kujiaibisha mbele ya watu wote kwa ajili yangu. Nisingeweza kukuacha. Nikasema, "Huyu ni Bwana Tatlow, na amenidanganya, na sasa mimi nimewadanganya ninyi. Nuseni matambara yenu." Baada ya hapo sikumbuki nilivyopanga maneno. Yalikuja tu, ya mtambo na ya korongo na ya mafundi wanne garini. Nakumbuka walivyonusa. Nakumbuka yule mama wa mbwa mnene akipiga yowe, "Miaka tisa! Miaka tisa namlaumu mbwa!" akapiga magoti akamkumbatia. Walipopiga makofi, safari hii nilikuwa nimesema.

Na Bibi, alipokuja na sel roti zake, yale maandazi yetu ya mduara, kwenye beseni, akakusikia unacheka, akanishika mkono akaniambia kwa Kinepali, "Huyu ndiye wa simu! Mwambie tumbo likimuuma ale hizi." Sikukutafsiria kwa sababu ulikuwa unakula ya sita.

Jana kwenye basi nilibonyeza kengele mwenyewe.

Mjukuu wako,
Ronisha

---

Whitemark
20 Oktoba

Ronisha,

Nimedanganywa na mabingwa katika maisha yangu, lakini wewe ndiye wa kwanza kunidanganya kwa posta. "Litakaa miaka mia." Nilikosa usingizi wiki mbili! Nimemsomea binti yangu barua ile ya meya, amecheka mpaka ameenda kulala.

Ya sita, kweli. Ilikuwa ya saba.

Jambo moja. Nilikuachia tambara lenyewe mkononi, na kwenye kelele zile hukuandika jina. Najua utasema ulinigundua. Lakini ulisugua, na ulisugua ukiamini. Desturi ni desturi.

Babu Merv

---

Launceston
28 Oktoba

Babu,

Niliamini siku ishirini na tatu. Nimehesabu. Kwa hiyo ni haki.

Jina langu ni la kumi na tano. Nafasi ilikuwa ndogo, pembeni, karibu na doa la mafuta, lakini nimeliandika mara mbili, kwa herufi za Kinepali na chini yake kwa herufi za Kiingereza, ili wa kumi na sita asije akasema hakuweza kusoma. Wale thelathini na mmoja wote wanataka kuandika pia. Nimekataa. Nimewaambia, waziwazi, kwa mdomo, kwamba wao walikuwa mtego wa jumla, na tambara hili ni la mmoja mmoja.

Bi. Pask ameomba msafara mwingine mwezi ujao. Wamejiandikisha kumi na sita, na hakuna anayejua kitu, maana wa kwanza wote wameapa kunyamaza. Mama wa mbwa atakaa kwenye gari ng'ambo ya barabara, ameomba mwenyewe. Nitasema vituo vyote. Dipen nimemwachisha kazi, na anadai nilimtumia nikamtupa.

Tatizo ni Bibi. Ameliona tambara kwenye meza yangu, amelishika kwa vidole viwili, ameuliza ni nyumba gani hii inayotunza uchafu, na tangu asubuhi anazunguka na beseni la maji ya sabuni akilitafuta. Nimelirudisha kwenye mkoba wa ngozi, chini ya kiti cha baiskeli, pamoja na daftari lako. Hapo hajafikiria kutafuta.

Namsikia sasa hivi ukumbini. Anawasha, anazima, anawasha.

Ronisha Gajmer, wa kumi na tano